Umejuaje? Hotuba kwa Wakulima na Wateja wa Vyakula vya Kilimo Hai, Nakuru

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa mtaani Naka, jijini Nakuru, mbele ya wakulima wanaotuletea mazao na wateja wanaoyanunua. Walioshindwa kufika wameiomba, nami naiweka hapa nzima.

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, kina mama na kina baba, wakulima mlioamka alfajiri kutoka Molo, Elburgon, Bahati na Subukia, wanafunzi mliopanda matatu kutoka Njoro, na ninyi wateja wetu ambao Jumamosi hii mngeweza kuwa sokoni lakini mkachagua kuketi nasi: hamjambo? Asanteni sana. Nimepewa nusu saa, na wanaonijua wameshaanza kutabasamu, lakini nitajitahidi.

Mimi ni muuza duka. Sikusomea kilimo wala sikusomea lishe. Nina duka dogo lenye rafu nne, friji moja na mizani, na juu ya mlango wake fundi aliandika kwa rangi ya kijani: Vyakula vya Asili. Maneno hayo matatu yalichukua asubuhi moja kuandikwa. Leo nataka niwasimulieni jinsi yalivyonitesa tangu hapo, kwa sababu nimegundua kwamba neno "asili" ni neno ambalo mtu yeyote mwenye rangi na brashi anaweza kuliandika, na hakuna atakayemkamata.

Mwaka wetu wa kwanza aliingia shosho mmoja, kiondo begani, akaenda moja kwa moja kwenye mayai. Akachukua yai moja, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Haya ni ya kienyeji?" Nikamjibu kwa furaha, "Ndiyo, shosho." Akalirudisha taratibu kwenye trei, akanitazama, akauliza tena: "Umejuaje?"

Ndugu zangu, nilijua nini? Nilijua kwamba kijana aliyeniletea kwa pikipiki alisema ni ya kienyeji. Nilijua kwamba maganda yake ni ya kahawia na kiini chake ni cha manjano iliyokolea. Hayo ndiyo niliyomwambia. Shosho akacheka, akasema kwamba ganda la kahawia ni rangi ya ganda tu, maana wako kuku wengi wa gredi wanaotaga mayai ya kahawia, na kwamba kiini hufuata chakula, kwa hiyo mpe kuku wa banda majani mabichi na mahindi ya manjano, nacho kiini kitakuwa cha manjano. Kisha akanunua terere na kwenda zake. Mayai aliyaacha.

Maneno yake yalinikosesha usingizi. Wiki iliyofuata nilimwomba yule kijana anipeleke kwao Bahati nikawaone kuku. Hakutaka. Nilipozidi kumwomba, alikubali. Nikafika, nikakaribishwa chai, nikaonyeshwa kuku, na kweli walikuwa kuku wa kienyeji, wazuri, wakichakura chini ya migomba. Nikawahesabu. Walikuwa 9.

Sasa nisaidieni kuhesabu, hasa ninyi wanafunzi. Kijana huyo alikuwa ananiletea trei nne kila wiki. Trei nne ni mayai 120. Kuku 9, hata kila mmoja angetaga yai moja kila siku bila kupumzika, wangetoa mayai 63. Nao kuku wetu wa kienyeji hawatagi hivyo: hutaga mayai yao 10 au 15, wakaatamia, wakaangua, wakalea vifaranga, na kwa wiki nyingi hakuna yai. Basi yale mengine yalitoka wapi? Nilipomuuliza, hakukana. Aliniambia, "Mama, kila mtu hufanya hivyo." Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hesabu hiyo ningeweza kuifanya dukani kwangu, bila kwenda Bahati, kama tu ningeuliza ana kuku wangapi.

Nilirudi nikabandika karatasi mlangoni: mayai tuliyouza kwa miezi mitano iliyopita si yote yaliyokuwa ya kienyeji, na anayetaka kurudishiwa pesa zake aje. Mume wangu aliniambia nimefunga duka kwa mkono wangu mwenyewe. Walikuja watu 11. Shosho naye alikuja, akakataa pesa, akataka kujua kuku wa msambazaji mpya wanalishwa nini. Leo mkija kwetu mtaona trei za aina mbili zenye bei mbili tofauti. Moja ni ya kuku wa kienyeji hasa, wale wa kuzurura. Nyingine ni ya kienyeji walioboreshwa, wale ambao kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Naivasha kilichagua na kuzalisha ili watage zaidi na wakue haraka. Wote ni kuku wema. Lakini si kuku mmoja, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa ni yupi.

Tangu siku ile, swali la shosho ndilo lililogeuka kuwa kazi yetu. Umejuaje? Umejuaje kwamba mboga hii haikunyunyiziwa dawa? Umejuaje kwamba shamba hili halikutiwa mbolea ya dukani? Macho hayawezi kujua. Ulimi hauwezi kujua. Sukuma wiki iliyotobolewa na wadudu si ushahidi, kwa maana naweza kuipulizia dawa leo matundu ya juzi yakabaki palepale.

Wengi wenu mnaijua alama ya Kilimohai. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, kinachokataza mbolea na dawa za viwandani pamoja na mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na alama hiyo ikawa ya kuyatambulisha mazao yanayokitimiza. Kuna njia mbili za kuifikia. Ya kwanza ni kumlipa mkaguzi kutoka kampuni ya uthibitishaji, na gharama yake ni ya mwenye shamba kubwa anayeuza ng'ambo. Ya pili ni ukaguzi shirikishi, ambapo wakulima wenyewe wanajiunga kikundi, wanaweka kanuni, kisha wanatembeleana mashambani na kukaguana, nasi wanunuzi tukialikwa kushuhudia. Njia hiyo ndiyo tuliyoifuata na wakulima wetu wa viazi na karoti.

Nilipoieleza mara ya kwanza, rafiki yangu mmoja mwalimu alicheka sana. Akasema, "Yaani fisi akague fisi?" Na mimi nilikuwa na hofu hiyohiyo mpaka siku niliyoona kwa macho yangu.

Ilikuwa msimu wa mvua nyingi. Wanaolima viazi Molo wanajua maana yake: ukungu. Ule ugonjwa unaounguza majani ya viazi kama yaliyomwagiwa maji moto, ukalala na shamba la kijani ukaamka na shamba jeusi. Tulikuwa tumekwenda ukaguzi watu saba, na shamba baada ya shamba viazi vilikuwa vimeungua, mpaka tukafika kwa mzee mmoja ambaye viazi vyake vilikuwa vimesimama, majani mabichi, maua meupe. Wenzake walitazamana. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja katika kikundi aliomba kuonyeshwa ghala. Nyuma ya magunia ya samadi ilikuwemo pampu ya kunyunyizia, na hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni niliisikia harufu yake.

Mnadhani walimfanyaje? Mimi nilidhani watamfukuza. Walikaa naye chini ya mti kwa saa mbili. Mzee akasema ukweli: watoto wawili walikuwa wanasubiri karo, mbegu alikuwa amekopa, na alipoona madoa ya kwanza kwenye majani alikwenda kununua dawa usiku. Hakuna aliyemwita mwizi, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amepoteza shamba wiki ileile na alijua bei ya uaminifu wake. Lakini hawakumsamehe kimyakimya pia. Waliandika katika daftari la kikundi kwamba kipande kile cha shamba kimetoka katika kilimo hai, kwamba kitaanza upya kipindi cha mpito, yaani muda wa kulimwa bila dawa kabla ya kuhesabiwa tena kuwa cha kilimo hai, na kwamba viazi vile haviwezi kuitwa vya asili.

Kisha wakanigeukia mimi. Wakaniuliza, "Na wewe mama, utavinunua?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukaguzi ule ulikuwa unanikagua na mimi. Ningekataa, ningekuwa nimewafundisha wengine wote kuficha pampu vizuri zaidi. Nilivinunua, baada ya muda wa kungoja ulioandikwa kwenye chupa ya dawa kwisha, nikavipanga kwenye kreti peke yake karibu na mlango, na juu yake nikaandika: hivi vilinyunyiziwa dawa ya ukungu, bei ya kawaida. Viliisha kwa siku mbili. Wateja walivinunua kuliko vile vingine! (Bei ilisaidia, sitawadanganya.)

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Tumezoea kusema kwamba cha asili hakidhuru. Si kweli. Ninyi mlioolewa Busia na Teso mnajua muhogo mchungu: ni wa asili kabisa, haujaguswa na kiwanda, na ukiula bila kuumenya, kuuloweka au kuuvundika na kuukausha vizuri, una sumu ya kuua. Kina mama wa huko waliijua kazi hiyo kabla maabara hazijajengwa. Na sisi wa Nakuru tunayo pareto. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza duniani kwa pareto, bodi ya zao hilo ilikuwa na makao yake hapahapa, na wengi wetu tulivalishwa sare za shule kwa pesa za maua yale meupe. Dawa yake inatokana na ua, inaoza upesi juani, na kilimo hai kinairuhusu. Lakini ni dawa ya kuua wadudu, na mdudu haulizwi kama yeye ni adui au rafiki.

Mkulima wetu mmoja wa maharagwe aliipulizia shamba lake saa nne asubuhi, maharagwe yakiwa katika maua. Jirani yake ana mizinga. Jioni yule jirani alikuta nyuki wamelala chini mbele ya mizinga kama mtama uliomwagika. Mkulima yule hakuwa amevunja kanuni yoyote ya kundi letu. Alikuwa ametumia dawa ya asili. Ndipo tukaongeza kanuni: hakuna kupulizia kitu chochote, hata maji ya pilipili, shamba likiwa katika maua kabla jua halijatua na nyuki hawajarudi nyumbani. Tulijifunza kwa gharama ya mtu mwingine, na gharama hiyo tuliilipa kwa kumchangia mizinga miwili.

Nije kwenye mahindi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko pengine popote, maana hapa hatuzungumzii ladha. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi mengi kati ya hayo yalikuwa ya mashambani mwao wenyewe. Hayakutoka kiwandani. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu, na kuvu haisomi kibao cha kilimo hai. Hupenda unyevu na joto, basi. Kupika ugali hakuiondoi.

Miaka mitatu iliyopita rafiki yangu, mkulima hodari, wa kwanza kabisa kuniamini nilipoanza, aliniletea magunia sita ya mahindi aliyoyavuna mvua ikinyesha. Tunayo njia ya zamani ya kupima: unachukua chupa ya kioo iliyokauka, unatia chumvi kavu na mahindi kiasi cha robo ya chupa, unatikisa kwa dakika chache, unaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu. Nikafanya hivyo mbele yake. Chumvi ikaganda. Akasema nitikise tena. Nikatikisa tena, nikatumia hata chupa nyingine, na chumvi ikaganda. Nikamwambia, "Ndugu yangu, siwezi kuyachukua." Akayapakia tena kwenye gari bila kusema kwaheri, na hatukusemezana kwa misimu miwili.

Je, niliwajibika kumkosea rafiki kwa sababu ya chupa na chumvi? Nimejiuliza mara nyingi. Na nikiri kwamba chupa ile yenyewe haitoshi: inakuonya unyevu ukipita takribani asilimia 15, ilhali mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5, kwa hiyo chumvi inaweza kuteleza vizuri na mahindi yakawa bado hayajakauka vya kutosha. Ndiyo sababu siku hizi tumenunua kipima unyevu, na kikundi kinakitumia bure. Rafiki yangu alirudi mwaka jana na mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai, yakahifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humnyima fukusi pumzi bila unga wowote wa dawa. Yuko hapa leo, safu ya tatu. Sitamtaja jina, ingawa naona ameshainua mkono mwenyewe.

La mwisho linanihusu mimi zaidi kuliko ninyi. Tunapozungumza juu ya chakula cha haki, sisi wauza maduka hupenda kuangalia shamba: dawa, mbolea, kuku. Hatupendi kuangalia mizani.

Nilipoanza kuuza viazi nilikuwa nikinunua kwa gunia, kama kila mtu. Na gunia lenyewe mnalijua: lumbesa. Gunia limejazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa wavu juu yake, likajazwa tena likawa kama mjamzito. Nilipolipima dukani, moja lilikuwa na kilo 118. Nami nilifurahi, nisiwafiche. Nililiona kuwa ni bahati ya biashara. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini kanuni iko Nairobi na lumbesa iko barabarani Elburgon.

Kijana mmoja ninayemnunulia, wa umri wa mwanangu wa kwanza, huandika kila kitu katika daftari la shule: mbegu, samadi, vibarua wa kupalilia, vibarua wa kuchimba. Siku moja akiwa amelishika daftari lake aliniuliza kwa adabu sana, "Mama, wewe dukani unauza viazi kwa gunia au kwa kilo?" Nikamwambia kwa kilo. Akauliza, "Sasa kwangu mbona unanunua kwa gunia?"

Nilitafuta jibu. Nilikuwa nimetundika ukutani alama za kila aina, nilikuwa nimehesabu kuku wa watu, nilikuwa nimemfukuzia rafiki mahindi yake, na viazi vyangu vyote vya kilimo hai vilikuwa vimenunuliwa kwa gunia ambalo zaidi ya nusu yake sikuilipia. Umejuaje kwamba chakula hiki ni cha haki? Sikuwa nimejiuliza hata siku moja.

Sasa tunanunua kwa kilo, mizani ikiwa shambani, na mwenye viazi ndiye anayeisoma namba kwa sauti. Bei yetu imepanda kwa sababu hiyo, na wateja mnaonung'unika mna haki ya kunung'unika, ila muwe mnajua pesa hiyo imeishia kwa nani. Wala sisemi kila mtu anunue kwetu. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa na watoto wanne hawezi kufanya hivyo, na ni kiburi kumhubiria. Mnavu, saga na terere hukua kwenye gunia lililojazwa udongo na samadi nje ya mlango wa jikoni, na mwenye gunia hilo hahitaji kumuuliza mtu yeyote amejuaje. Mbegu za terere tunatoa bure; zipo kwenye bahasha pale mezani.

Mwenyekiti anatazama saa. Namaliza.

Wiki jana shosho alikuja tena. Sasa ametia miaka mingi, anatembea kwa fimbo, lakini kiondo ni kilekile. Alichukua chupa ya asali iliyoganda, akauliza kama imetiwa sukari. Nikamweleza kwamba asali safi nayo huganda, kutegemea maua ambayo nyuki walikula, na kwamba ile michezo ya kuidondosha kwenye maji au kuichoma kwa kiberiti haithibitishi kitu. Nikamkumbusha pia, kama ninavyowakumbusha wote, kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata iwe safi namna gani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vizuri. Na hii yako, umejuaje?"

Asali hiyo inatoka Mogotio. Mwenye kuirina namfahamu kwa simu tu.

Basi Jumatano nakwenda Mogotio. Gari lina nafasi tatu, na moja ameshaichukua shosho, kiti cha mbele, hilo halijadiliwi. Wawili wanaotaka kuja waniandikishie majina kabla ya chai. Tunaondoka mlangoni pa duka saa tisa alasiri, maana asali inarinwa usiku. Mwenyeji wetu amesema tuvae nguo nyeupe zenye mikono mirefu, tusijipake manukato, na anayeogopa kuumwa abaki garini na vioo vimefungwa.